Fundisho Kutoka Milima ya Bale

Katika milima mirefu ya Ethiopia, juu kabisa ambako miti huacha kuota na maji huganda usiku, anaishi mnyama wa jamii ya mbwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Waamhara humwita ky kebero, yaani mbweha mwekundu. Wataalamu humwita mbwa mwitu wa Ethiopia. Asichanganywe na mbwa mwitu mwenye mabaka tunayemfahamu katika mbuga zetu za Tanzania. Huyu ana manyoya mekundu, koo na tumbo jeupe, miguu mirefu na pua iliyochongoka. Idadi ya waliokomaa haizidi 500. Mwalimu mkuu wa shule kubwa ya msingi, anapowapanga wanafunzi wake mstarini asubuhi, huona mbele yake watoto wengi kuliko mbwa mwitu wote wa aina hii waliosalia duniani.

Zaidi ya nusu yao wamo katika Milima ya Bale, kusini-mashariki ya nchi hiyo. Waliobaki wametawanyika katika vilele vya Arsi, Simien na milima mingine michache, kila kundi likitengwa na wenzake na mabonde yaliyojaa mashamba na vijiji. Katika Mlima Choke wa Gojjam, ambako zamani walikuwapo, leo hawapo tena.

Huenda msomaji akauliza: gazeti la Chama lina shughuli gani na mbwa wa milimani katika nchi ya watu wengine? Je, hatuna zahanati za kujenga, madawati ya kutengeneza na barabara za kulima? Swali hilo ni halali, nasi hatulikwepi. Jibu letu ni kwamba balaa linalommaliza mnyama yule ndilo linaloua watoto wa wakulima na wafugaji wetu vijijini. Tena dawa yake inajulikana, na kuipeleka kwa wananchi ni kazi ya watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wetu wakubwa. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Katika uwanda wa Sanetti, ulio kiasi cha mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, mbwa mwitu huyu huishi kwa ukoo. Wanaukoo hukutana alfajiri na jioni, husalimiana, kisha huzunguka pamoja kulinda mipaka ya eneo lao. Mchana kila mmoja huwinda peke yake, kwa maana chakula chake ni panya na mafuko wa milimani, ambao hawahitaji wawindaji wengi. Katika Bale yuko fuko mkubwa asiyepatikana penginepo, na huyo ndiye riziki yake kuu. Jike mkuu wa ukoo ndiye anayezaa kwa kawaida, mara moja tu kwa mwaka, na wanaukoo wengine humsaidia kulisha watoto. Mnyama wa namna hiyo haongezeki upesi. Akipigwa na janga, huchukua miaka mingi kuinuka.

Majanga yanayomkabili ni mawili. La kwanza ni kupungua kwa ardhi yake. Inakadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 60 ya ardhi ya Ethiopia iliyo juu ya mita 3,200 imekwisha geuzwa kuwa mashamba, hasa ya shayiri. Hapa lazima tuseme kweli. Mkulima wa Ethiopia hakupanda mlimani kwa ukaidi. Aliongozwa huko na uhaba wa ardhi, na kwa karne nyingi uhaba huo ulizidishwa na ukabaila, pale ambapo mwenye kulima alimlipa mwenye ardhi sehemu ya jasho lake. Mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa ahurumie panya na mbwa mwitu huku watoto wake wakilala bila kula. Kwa hiyo hatukubaliani hata kidogo na wale wataalamu, wageni kwa wenyeji, ambao kila waonapo mnyama anatoweka huwa na rai moja tu, nayo ni kuwafukuza wananchi.

Historia ya Ethiopia yenyewe inaonyesha kwamba wananchi wanaweza kuwa walinzi bora. Katika nyanda za juu za Guassa, wilayani Menz, wakulima walikuwa na utaratibu wao ulioitwa qero, ulioanza katika karne ya 17. Ardhi ya majani ilifungwa kwa miaka kadhaa mfululizo. Hakuna aliyeruhusiwa kulisha ng'ombe wala kukata nyasi za kuezekea mpaka wazee waliochaguliwa waridhike kwamba nyasi zimekomaa. Aliyevunja amri aliadhibiwa na jamii. Nyasi zikahifadhiwa, panya wakastawi ndani ya nyasi, na mbwa mwitu akaishi, ingawa hakuna mzee aliyekaa kikao kwa ajili yake.

Lakini qero ulikuwa na kasoro: haki ya majani ilikuwa ya wale wa ukoo wa waanzilishi tu, na wengine walitengwa. Mapinduzi ya 1974 na sheria ya ardhi ya 1975 yaliondoa ubaguzi huo, na ilikuwa haki yaondolewe. Ila pamoja na ubaguzi iliondoka na nidhamu. Mlango ulifunguliwa kwa wote, na majani yakaanza kuliwa bila kupumzishwa. Baadaye wananchi wenyewe wa Guassa waliunda kamati mpya inayowashirikisha wakulima wote, wakarudisha sheria za kufunga na kufungua malisho, na eneo lao likatambuliwa kuwa hifadhi ya jamii. Hilo ni fundisho la kwanza. Mageuzi yanapovunja utaratibu wa kale kwa sababu ya dhuluma iliyomo, hayana budi kujenga mara moja utaratibu mpya wenye haki ndani yake. La sivyo, mali ya wote hugeuka kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Janga la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi kwa haraka yake, ni maradhi. Wafugaji wanapopandisha mifugo malishoni hufuatana na mbwa wao, maana mbwa ndiye mlinzi dhidi ya fisi. Mbwa hao wasipochanjwa hubeba kichaa cha mbwa na ugonjwa mwingine uitwao distempa, kisha huwaambukiza jamaa zao wa porini. Kati ya 1991 na 1992 kichaa cha mbwa kiliingia Bale, na katika Bonde la Web mbwa mwitu watatu katika kila wanne waliokuwa wakifuatiliwa na wataalamu walitoweka. Mwaka 2003 balaa likarudi na kuua kwa kiasi kama hicho. Likarudi tena 2008 na 2014. Katikati ya miaka hiyo distempa nayo ilifanya kazi yake. Kwa mnyama mwenye jumla ya idadi isiyofika 500, kila pigo la namna hiyo ni hatua moja kuelekea kaburini.

Hata hivyo, watu hawakukaa wakilia. Tangu 1995 uko mpango maalumu wa kumhifadhi mnyama huyu, unaofanya kazi pamoja na Serikali ya Ethiopia. Wafanyakazi wake, wengi wao vijana wa milima hiyohiyo, hutembea kwa farasi kutoka boma hadi boma wakichanja maelfu ya mbwa wa wafugaji. Mlipuko wa 2003 ulipotokea, waliwakamata mbwa mwitu wapatao 70 waliokuwa wakiishi katika njia za kutokea bonde lenye ugonjwa, wakawachanja, na ugonjwa ukashindwa kuvuka kwenda kwa koo nyingine. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba si lazima kuchanja kila mnyama. Ukiziba vichochoro vinavyounganisha kundi na kundi, umeuzuia moto usiruke. Na mwaka 2018, baada ya majaribio ya miaka kadhaa, ilianza kutumika chanjo ya kumezwa, inayofichwa ndani ya kipande cha nyama ya mbuzi na kutegwa usiku mahali anapopita mbwa mwitu. Hakuna tena haja ya kumkamata na kumtaabisha.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba faida ya milima hiyo haiishii kwa mnyama mmoja. Kutoka Milima ya Bale hushuka maji yanayolisha mito ya Juba na Shebelle, na watu wapatao milioni 12 wa nyanda kavu za chini, hata ndani ya Somalia, huyategemea. Kisimayu, mji wa mwambao ambako lugha yetu ya Kiswahili imesemwa kwa karne nyingi, uko karibu na mahali Juba inapoingia baharini. Anayetunza majani ya Sanetti kwa ajili ya panya na mbwa mwitu anatunza pia kisima cha mtu asiyemjua, mamia ya maili kutoka hapo. Mwaka 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale katika orodha ya urithi wa dunia, kama lilivyofanya kwa Simien mwaka 1978. Heshima hiyo ni yao, na ni ya Afrika nzima.

Sasa tugeukie kwetu. Mambo yaliyotokea Bale yametokea pia Tanzania. Mwaka 1991 mbwa mwitu wenye mabaka walitoweka katika nyanda za Serengeti, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwa makundi ya eneo hilo muda si mrefu kabla. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla wataalamu wetu hawajaanza, mwaka 2012, kuwarudisha hifadhini kutoka Loliondo. Mwaka 1994 distempa iliingia humohumo Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, yaani kiasi cha theluthi moja ya simba wote wa hifadhi. Simba, mfalme wa nyika na nembo ya fahari yetu, aliuawa na ugonjwa wa mbwa.

Lakini msiba mkubwa zaidi si wa simba. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Kwa Tanzania peke yake, wataalamu walikadiria mwanzoni mwa karne hii kwamba vifo vilikuwa vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Vifo hivyo ni vya kijijini na ni vya watu wanyonge. Mtoto huumwa njiani akienda shule au kuchunga, baba hana nauli ya kumfikisha hospitali ya wilaya, chanjo aidha haipo au bei yake inazidi thamani ya mbuzi aliye naye, na siku dalili zinapotokea hakuna tena daktari awezaye kumwokoa. Tunasema bila kigugumizi: mtu kufa kwa ugonjwa ambao chanjo yake imejulikana tangu karne ya 19 ni fedheha kwa kila ofisi iliyopewa dhamana ya kumlinda.

Wapo wanaodhani dawa ni bunduki. Kila taharuki inapozuka katika mji mdogo, hutolewa amri ya kuwapiga risasi mbwa wanaozurura, na barua hupelekwa wilayani kwamba tatizo limekwisha. Halijaisha. Mbwa waliouawa nafasi yao huchukuliwa upesi na wengine wachanga wasiochanjwa. Mwananchi naye, akiisha kuona mbwa wake anauawa, humficha mwingine siku mtu wa mifugo anapokuja na sindano. Njia iliyothibitishwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na kurudia kila mwaka, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka. Asilimia 70 haifikiwi kwa kungoja wenye mbwa waje ofisini. Hufikiwa kwa ofisi kwenda kwa wenye mbwa.

Kwamba jambo hilo linawezekana, ushahidi tunao nyumbani. Kisiwani Pemba, baada ya kampeni za chanjo kwa umma zilizoanza 2010, kichaa cha mbwa kilikomeshwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa wakati chanjo ilipokuwa imelegea. Wananchi na wataalamu wakarudi kazini, na kufikia 2018 kikakomeshwa mara ya pili. Pemba imetufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba adui huyu anashindika, na kwamba mshindi akilala, adui huamka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo, tukijua kwamba wenye kuzitekeleza ndio wanaosoma ukurasa huu.

Maafisa mifugo wa wilaya na kata waache kuihesabu chanjo ya mbwa kuwa kazi ya ziada, ya kufanywa fedha zikibaki. Idadi ya mbwa wa kila kijiji iandikwe kama inavyoandikwa idadi ya ng'ombe. Huwezi kujua kama umefikia asilimia 70 ya kitu usichokihesabu. Wakurugenzi wa halmashauri nao wakumbuke kwamba dozi moja ya chanjo ya mbwa ni nafuu mara nyingi kuliko mfululizo wa sindano za mtu mmoja aliyeumwa. Anayepunguza fungu la chanjo ya mbwa ili kubana matumizi anaihamishia gharama hospitalini, na mara nyingine makaburini.

Idara ya mifugo, idara ya afya na walinzi wa wanyamapori washirikiane. Mara nyingi urasimu umewagawa: mbwa ni wa huyu, mtu aliyeumwa ni wa yule, na mnyama wa porini ni wa mwingine. Ugonjwa hautambui mipaka ya ofisi. Mganga wa zahanati anayempokea mtoto aliyeumwa na asimwarifu afisa mifugo siku ileile, amemtibu mmoja na kuwaacha kumi hatarini. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vipewe kipaumbele, kwa sababu huko sindano moja humlinda mtoto, ng'ombe na mbwa mwitu kwa wakati mmoja.

Walimu wanayo kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya kwa wepesi kama wao. Kila mtoto wa shule ya msingi ajue kwamba akiumwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aambie mtu mzima bila kuogopa kugombezwa na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Somo hilo halihitaji kitabu kipya wala mtaala mpya. Linahitaji dakika chache za mstarini. Tena mtoto ndiye mwenye mbwa hasa katika nyumba zetu. Yeye ndiye anayemlisha, yeye ndiye anayemjua kwa jina, na yeye ndiye atakayemfikisha kwenye chanjo iwapo mwalimu atamwagiza.

Viongozi wa vijiji na mabalozi wa mashina nao wasingoje maagizo kutoka juu. Kiongozi anayejua nani ana msiba na nani ana mgeni hashindwi kujua nani ana mbwa. Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Ahadi hiyo si ya mabalozi wa nchi za nje peke yao. Itatimizwa au itavunjwa kijiji kwa kijiji.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini na makazi yao ni amana tuliyokabidhiwa, na kwamba tutafanya kila tuwezalo watoto wa watoto wetu waikute. Hatukuwa taifa tajiri siku ile, na hatukungoja utajiri ndipo tutoe ahadi. Wenzetu wa Ethiopia nao, katika milima yao ya baridi, wanalinda amana ambayo ikipotea haina pengine pa kuazimwa. Tunawapongeza wafugaji wa Bale na wakulima wa Guassa kwa kazi hiyo, na tunaamini wataalamu wetu wana mengi ya kubadilishana nao.

Lakini pongezi bila vitendo ni maneno matupu. Heshima ya kweli tutakayowapa ni kuhakikisha kwamba mbwa wa vijiji vyetu wamechanjwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Tukifanya hivyo, mbwa mwitu wa Serengeti ataishi. Na mtoto wa mfugaji anayeishi kando ya Serengeti ataenda shule asubuhi na kurudi jioni salama, jambo ambalo ndilo shabaha ya kazi zetu zote.